Kitabu gani cha kutambua uyoga? Inategemea umesimama chini ya mti gani

Swali la leo limetoka kwa mwalimu wa sekondari aliyehamia Mafinga akitokea Tanga. Kaandika marefu ila kiini chake ni hiki: "Mvua zikianza tu huku kila nyumba inakula uyoga, watoto wanauza barabarani kwenye sado na mabeseni, na mimi natamani kwenda kuokota ila naogopa. Kaka yangu yuko Leicester, kasema nichague kitabu cha kutambua uyoga anitumie, kanirushia picha za vitabu saba, kimoja kina picha zaidi ya elfu. Nichukue kipi? Au niweke tu app kwenye simu yaishe? Halafu wanafunzi waliniletea uyoga mwekundu wenye madoa meupe wameutoa kwenye paini, ule ni nini?"

Kamwene mwalimu. Pole na baridi, mtu aliyetoka Tanga akaipokea Mafinga ya mwezi wa saba huwa haisahau.

Nianze na jibu ambalo kaka yako hatalipenda: katika vile saba asinunue hata kimoja kwa sasa. Nimeangalia picha zote, vitabu vyenyewe ni vizuri tu, karatasi nzuri, waandishi wanajua kazi, lakini vimeandikiwa misitu ya kwao. Na uyoga sio kama ndege. Mbayuwayu anatoka Ulaya anakuja kutua kwenye nyaya za umeme pale Makambako na kitabu cha ndege cha Ulaya kitamtaja vizuri kabisa bila kukudanganya. Uyoga nao mbegu zake zinapeperuka na upepo kweli, ila zikifika mahali ambapo mti wake haupo zinakuwa vumbi tu.

Maana uyoga mwingi tunaookota hauishi peke yake. Chini ya udongo una nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zinajisokota kwenye ncha za mizizi ya mti, uyoga unaupa mti maji na madini, mti unaulipa sukari. Ni ndoa, na sio kila uyoga unafunga ndoa na kila mti. Huku kwetu mti mkubwa wa ndoa hizi ni miombo, yaani zile jamii za Brachystegia na Julbernardia, na miombo hiyo Uingereza haipo hata mmoja, kwa hiyo uyoga wake nao hauwezi kuwemo kwenye kitabu cha Uingereza hata kingekuwa na picha elfu kumi. Ndo maana mtu akiniuliza kitabu gani, mi namuuliza kwanza unaokota chini ya mti gani.

Na wewe hapo Mafinga uko kwenye sehemu yenye vituko, kwa sababu una dunia tatu ndani ya mwendo wa asubuhi moja. Una miombo iliyobaki kwenye vilima na ukishuka kuelekea Iringa. Una vichuguu, ambavyo ni hesabu nyingine kabisa. Halafu una paini, shamba la Sao Hill ndo kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na paini ile, Pinus patula, asili yake Mexico. Kila dunia ina kitabu chake, na mtu anayechukua kitabu cha dunia moja akaenda nacho kwenye nyingine ndo yule anayelala hospitali.

Najua kwa sababu nilishalala mimi.

Ilikuwa zamani, nimeajiriwa juzijuzi kazi ya misitu, nikapata kitabu cha uyoga cha Uingereza kwa muuza vitabu vya mitumba Iringa mjini, nikakipenda sana, nikawa natembea nacho kwenye begi kila mahali. Siku moja niko Mbeya kwa shemeji yangu, asubuhi baada ya mvua nikaona kwenye nyasi za uwanja wa mpira uyoga mkubwa mweupe, kofia pana kama sahani ya wali, ina magamba ya kahawia katikati, mguu mrefu una pete ambayo ukiisukuma inapanda na kushuka. Nikafungua kitabu. Ukurasa upo, picha ipo, kila kitu kinafanana, na chini pameandikwa unaliwa na ni mtamu sana. Nikaupika na vitunguu na nyanya, bahati nzuri shemeji alikataa. Masaa mawili hayajaisha nikaanza kutapika, nikatapika mpaka nikawa natapika maji ya njano, huku chini nako kumefunguka, usiku kucha, mpaka nikapelekwa kuongezewa dripu.

Ule ulikuwa Chlorophyllum molybdites. Ni uyoga wa nchi za joto, unapenda sana nyasi za viwanjani na makanisani na mbele ya ofisi, na vitabu vingi vya Ulaya havina habari nao kwa sababu kule hausumbui watu. Kitabu changu hakikunidanganya hata neno moja, kilikuwa kinaelezea uyoga mwingine unaofanana nao unaoota kwao na kweli unaliwa. Mimi ndo nilikibebesha kazi isiyo yake.

Kwa hiyo hilo nakupa kama kipimo cha kwanza cha kitabu chochote utakachoshika, ni kipimo cha dakika moja: nenda nyuma kwenye faharasa, tafuta Chlorophyllum molybdites, halafu tafuta Termitomyces. Vikikosekana vyote viwili, kitabu hicho sio cha Afrika ya huku, kirudishe rafuni. Ukikuta vipo, endelea kukikagua.

Termitomyces ndo uyoga wa kichuguu, ule ambao Wahehe na Wabena wanaupigania mvua za mwanzo zikinyesha. Hauna ndoa na mti wowote, wenyewe umeoa mchwa. Mchwa wanaulima ndani kwa ndani, wanauletea majani na vijiti vilivyotafunwa, uyoga unaviozesha, wao wanakula, na mvua zikikolea ndo unatoboa udongo unatoka nje. Ulaya hakuna, Marekani hakuna, upo Afrika na Asia tu. Kuna aina yake, Termitomyces titanicus, kofia inafika karibu mita moja upana, Zambia wanauuza mmoja mmoja, sio kwa fungu. Niliwahi kukaa na bibi mmoja Kilolo, mtu mzima kweli, nikamwonyesha kile kitabu changu cha mitumba kabla hakijaniadhibu. Akakifungua taratibu ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho, mimi nikadhani anasoma majina, kumbe anaangalia picha tu, akanirudishia akaniuliza, "Sasa kichuguu kiko wapi humu?" Nikacheka. Wiki chache baadaye niko kwenye dripu ndo swali lake likanirudia.

Huyo bibi ndo alinifundisha kuchimba badala ya kung'oa. Alichukua kisu cha jikoni, akazunguka ule uyoga kwa mbali kidogo, akatoa udongo kwa vidole mpaka ukatokea mzizi mrefu mweusimweusi unaoteremka kwenda chini kama mkia wa panya, akaufuata hadi mkono ukazama kwenye kiwiko. Akasema huo mkia ukiukosa usile. Ule wa uwanjani Mbeya haukuwa na mkia, ila mimi niliung'oa juujuu kama mchicha na kitabu changu kilikuwa hakina sababu ya kunikumbusha.

Sasa vitabu. Cha kwanza kabisa, na kama utapata kimoja tu maisha yako yote kiwe hiki, ni Tanzanian Mushrooms kilichotoka Helsinki mwaka 2003, waandishi ni Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi, yule mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kina picha za rangi za uyoga wa hapahapa, wa kuliwa na wa sumu na ambao hauna kazi, na kilichonifurahisha zaidi kina majina ya makabila, kwa sababu walikaa na akina mama vijijini wakawauliza huu mnauitaje na mnaupikaje. Ni Kiingereza, ila kwa mwalimu wa sekondari hakuna neno litakalokushinda humo. Shida yake ni kupatikana. Kaka yako asihangaike na maduka ya vitabu vipya, aulize wauza vitabu vilivyotumika na maduka ya vitabu vya sayansi ya viumbe, Ulaya hayo yapo mengi. Huo ndo ungekuwa mzigo wa maana kutoka Leicester.

Cha pili hakimgharimu mtu kitu na unaweza kukipata leo jioni kwa bando lako. Wabelgiji wana mfululizo wa vitabu unaitwa Abc Taxa, wanavitoa bure kwa PDF, na cha 17 cha mwaka 2017 ni cha uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga kule Kongo, kimeandikwa na De Kesel, Kasongo na Degreef. Utasema Katanga na Mafinga wapi na wapi, ila kumbuka tuliyosema: fuata mti. Katanga ni miombo, Zambia ni miombo, na miombo yao na yetu ni ukanda mmoja, kwa hiyo kitabu cha Lubumbashi kinakufaa wewe kuliko kitabu cha London hata kama London wanaandika lugha unayoijua. Ni Kifaransa, ndio, ila usiogope. Picha zake ni nzuri kupita kiasi, uyoga umepigwa porini kisha umelazwa ukapasuliwa katikati, na yale maneno ya maelezo yanajirudia, ukishajua kumi unasoma kitabu kizima. Mwalimu wa Kifaransa hamkosi hapo shuleni au shule ya jirani, mpe soda akutafsirie hayo kumi.

Kuna cha Zambia pia, cha 2015, kimeandikwa na huyohuyo Härkönen na wenzake, nacho ni kizuri na uyoga mwingi ni ule ule. Na Malawi mwanaanthropolojia Brian Morris alitoa chake mwaka 1987, kidogo cha kushika mkononi, kimezeeka ila kwa mtu wa Mbeya au Tukuyu kina maana maana Malawi ni hapo tu mbele.

Kuna kimoja utakisikia wataalamu wanakitaja kwa heshima, kile cha Pegler cha 1977 kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki. Usinunue. Ninacho, nakiheshimu, ila hakina picha za rangi, ni michoro ya wino na funguo za utambuzi ambazo ukifika katikati zinakuuliza upana wa mbegu moja ya uyoga, na hiyo huioni bila hadubini. Hicho ni cha maabara, kitakukatisha tamaa wiki ya kwanza.

Tuje kwenye namna ya kukagua kitabu chochote, maana siku moja utakutana na ambacho mimi sijakitaja. Angalia picha kwanza, ila usiangalie uzuri wake. Angalia kama inaonyesha mguu mpaka mwisho, yaani sehemu iliyokuwa imezama udongoni. Vitabu vingi vya bei rahisi vinapiga kofia kwa juu, inapendeza kama ua, na pale chini ambapo kifo kinakaa hawakuonyeshi. Uyoga unaoua watu wengi kuliko wote, Amanita phalloides, alama yake kubwa ni kikombe cheupe kilichozama chini ya mguu, kama soksi iliyoshuka. Ukikata juu ya udongo kikombe kinabaki shimoni na wewe unapeleka nyumbani uyoga wenye sura ya upole. Na usidhani huo ni wa Ulaya tu, umeshaandikwa kwamba unafuata mashamba ya paini Tanzania na Afrika Kusini. Kofia yake ina ukijani wa zeituni au unjano uliofifia, na zile kurasa za chini ya kofia, yaani vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, ni nyeupe na zinabaki nyeupe. Kofia moja au hata nusu inaweza kuua mtu mzima, na kupika hakuondoi sumu yake, uchemshe mara tatu ukamwage maji, bado.

Pili, angalia kama kila ukurasa una sehemu inayosema unafanana na upi. Hii mimi naiona ni muhimu kuliko idadi ya picha. Kitabu chenye aina 80 kikakuambia kila mmoja unachanganywa na nani na tofauti iko wapi, kinamshinda chenye picha elfu moja zimepangwa kama albamu ya harusi. Ile elfu moja ina hatari yake, ukiwa na picha nyingi hukosi inayofanana na ulichoshika, na moyo wa mtu mwenye njaa ya kupata jina unamalizia yaliyobaki.

Kuna ubishi wa picha na michoro ya rangi. Mi niko upande wa michoro, watu wananishangaa. Picha inakuonyesha uyoga mmoja siku moja jua likiwa vile, mchoraji mzuri anakuchorea mchanga, mkubwa, mzee na uliopasuliwa, wote kwenye ukurasa mmoja. Ila kwa Afrika vitabu vya michoro mizuri ya rangi ni vichache, kwa hiyo tunabaki na picha.

Na kitabu lazima kikufundishe kuchukua chapa ya mbegu, kisipoifundisha hakiko serious. Ni kazi rahisi, fanya hata na wanafunzi. Kata mguu, laza kofia kwenye karatasi ambayo nusu ni nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli, lala. Asubuhi ukifunua utakuta unga umejichora mistari kama miale ya jua. Wa kichuguu unatoa pinki. Amanita unatoa nyeupe, ndo maana unahitaji ile nusu nyeusi. Na ule ulionilaza mimi unatoa kijani, kijani cha kuchakaa kama shati la skauti, hakuna mwingine wa kawaida viwanjani wenye rangi hiyo. Ningefanya hilo zoezi usiku ule badala ya kukimbilia sufuria, asubuhi ningeona kijani nikautupa. Karatasi mbili na bakuli!

Kuhusu majina. Utakuta kitabu cha 2003 kinauita uyoga jina moja na cha 2017 kinauita lingine ukadhani ni tofauti. Wanasayansi wanahamisha. Ule wa maziwa unaoliwa sana miomboni ulikuwa Lactarius edulis sasa ni Lactifluus edulis. Hata wale wa njano na rangi ya chungwa, mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake waliwapa baadhi yao jenasi yao wenyewe, yaani neno la kwanza la jina, Afrocantharellus, wengine wakabisha kwamba warudi tu Cantharellus, na ubishi kama huo haukuhusu wewe uliyeshika kikapu. Angalia neno la pili la jina, hilo mara nyingi linabaki, kama ni platyphyllus ni platyphyllus popote anapohamia.

Majina ya kilugha nayo yaandike, tena mapema, pembeni ya ukurasa kwa penseli. Ila usiyategemee peke yake. Mhehe, Mbena, Mkinga, Msafwa, Mnyakyusa kila mmoja ana majina yake, jina moja linaweza kubeba aina tatu, na uyoga mmoja ukawa na jina hili kijiji hiki na lile kijiji cha pili. Mimi ninachofanya nabeba kitabu nakaa na mama anayeuza barabarani, nanunua kwanza, (usiende kumhoji mtu bila kununua), halafu namwonyesha picha namuuliza upi ni huu. Akikosea picha mbili tatu za mwanzo usimcheke, picha na kitu halisi ni vitu viwili, mpe muda. Kisha muulize ule usioliwa unaofanana na huu unaitwaje. Hapo ndo utasikia mambo.

Lipo jambo moja ambalo vitabu na watu wa huku vinagongana, nakuambia mapema usije ukachanganyikiwa. Kitabu cha Ulaya kitakuambia mwanzoni kabisa: wenye pete na kikombe uache. Huku miomboni kuna Amanita mkubwa, kofia nyeupe ina ukahawia katikati, pete anayo, kikombe anacho, na watu wanamla toka enzi za mababu, Zambia na Malawi wanamuuza barabarani, vitabu vya zamani vinamwita zambiana na vya sasa loosii. Kwa hiyo sheria ya Ulaya hapa inavunjwa kila siku na watu wako hai. Lakini wewe iache ibaki sheria. Aliyezaliwa Kilolo akaokota na mama yake toka akiwa na miaka minne ana macho ambayo mimi na wewe hatutayapata kitabuni, na hata yeye akihamia kwenye paini macho yale hayamsaidii, maana wa kwenye paini haujui. Msimu wa kwanza na wa pili Amanita yoyote iangalie, ipige picha, ipasue, ila isifike jikoni.

Usisikilize pia habari za kuchemsha na sarafu au kitunguu saumu uone kama kinabadilika rangi, wala ile ya kwamba wadudu wameula basi ni salama. Konokono anakula uyoga unaoua mtu, na anaendelea na safari zake.

App sasa. Weka, sio mbaya, ila ielewe. Inafananisha picha yako na picha ilizolishwa, na nyingi zilizolishwa ni za Ulaya na Marekani, kwa hiyo ukiwa kwenye paini inaweza kukupa jina la karibu, ukiwa kwenye miombo inakupa jina la Kizungu kwa kujiamini kama mwanafunzi ambaye hajasoma na anajibu. Haioni mkia wa chini ya udongo, hainusi, haijui kama umeuvunja ukatoa maziwa. Mimi naitumia kupata jenasi tu, halafu nafungua kitabu. Ile app ya iNaturalist ina faida nyingine, watu halisi wanaweza kuangalia picha yako wakakurekebisha, ila jibu linaweza kuja wiki mbili baadaye na uyoga umeshaoza, kwa hiyo ni ya kujifunza, sio ya kuamulia mboga.

Kwa vitendo basi ningefanya hivi ningekuwa wewe. Pakua ile PDF ya Katanga, ipitie yote jioni jioni mvua hazijaanza, usitafute jina lolote, angalia tu uzoee. Chagua kurasa kama 20 za aina ambazo wauzaji wa hapo barabarani wanazo kweli, nenda steshenari wakutolee kwa rangi na wakubandikie plastiki, maana kitabu cha uyoga kinatumika siku ya mvua na karatasi ikilowa mara moja basi. Zitoboe, zifunge na kamba. Weka na daftari, kila uyoga andika tarehe, mti uliokuwa karibu, umeota kwenye udongo au gogo au kichuguu, harufu, rangi ya chapa. Beba kikapu, sio mfuko wa plastiki, kwanza ulishapigwa marufuku toka 2019 na pili uyoga ndani yake unatoa jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani.

Na kwenye jalada la ndani andika hili kwa kalamu nzito: mtu akila uyoga akaanza kutapika baada ya masaa sita, kumi, kumi na mbili, hiyo ni mbaya kuliko aliyetapika mapema kama mimi. Sumu ya ini inachelewa. Tena ina ujanja, siku ya pili mgonjwa anaweza kujisikia nafuu akaomba uji, watu wakashukuru, na ini linaendelea kuharibika, siku ya tatu au ya nne anaanguka. Asisubiriwe, apelekwe hospitali palepale na mabaki ya uyoga mbichi yafungwe kwenye karatasi yaende naye.

Nilisema vile saba asinunue kwa sasa. Ukishazoea, baada ya msimu mmoja, kile kidogo cha nne kwenye picha zako, chenye jalada la kijani, mwambie akutumie. Hicho kitakufaa kwenye paini tu. Zamani miche ya paini ilikuwa inagoma kukua vizuri huku Afrika Mashariki, mpaka mabwana miti walipoanza kuchota udongo wa chini ya paini iliyostawi wakauchanganya kitaluni, na ndani ya ule udongo ndo zilikuwemo zile nyuzi. Kwa hiyo pale Sao Hill unatembea juu ya uyoga wa kigeni kabisa, ule wenye kofia ya utelezi na chini una matundu kama sifongo badala ya kurasa, Suillus, utaukuta kwenye kitabu cha Leicester na hutaukuta kwenye miombo hata ukitafuta na tochi.

Na huo mwekundu wenye madoa walioleta wanafunzi, kama mlivyoueleza, ni Amanita muscaria, umekuja na paini vilevile. Ndo ule unaochorwa kwenye vitabu vya hadithi za watoto wa Kizungu kila siku, ndo maana watoto wameuona mzuri. Una sumu, hauliwi. Mvua ikinyesha sana madoa yanaweza kuoshwa yakaisha ukabaki mwekundu mtupu, kwa hiyo waambie wasitegemee madoa. Kama bado upo mezani kwako usiutupe, angalia chini ya mguu kama waliuchimba au waliung'oa, halafu uchukulie chapa usiku huu, weka ile nusu nyeusi ya karatasi.